Koti Lililobaki Kangari

Wachira, Muriithi na Abdalla,

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini sikwenda. Mnakuja nyumbani, mnakunywa chai ya mama, mnaongea habari za mpira na za chuo, halafu mmoja wenu anakohoa na kuuliza, "Na ile koti?" Siwalaumu. Koti mlilinunua ninyi kwa kuchangishana, na baba yake Abdalla akalifupisha mikono na kulitia bitana mpya pale Majengo bila kudai chochote. Mwenye koti ana haki ya kuuliza koti lilipo. Ila siwezi kueleza habari za koti bila kueleza mengine, kwa hiyo nawaandikia yote mara moja, nisije nikalazimika kuyasema mbele ya mama.

Habari za karatasi, sindano na picha nazipita, mlizishuhudia wenyewe. Mnakumbuka pia tulivyoambiwa: kundi letu la wanafunzi linaondoka Nairobi Ijumaa jioni kwenda Prague, na asiyefika uwanja wa ndege, nafasi yake inachukuliwa na aliyekuwa akingoja nyuma yake. Mimi nilikuwa niende nikasomee udaktari wa mifugo. Tangu nikiwa mdogo sikutaka kitu kingine. Mliponiaga Jumatatu asubuhi mlidhani naelekea Nairobi moja kwa moja. Hata mimi ningependa iwe hivyo.

Kiganjo hadi Sagana

Mama ndiye aliyeanzisha jambo hili. "Baba," aliniambia, "huwezi kuvuka bahari kama hujaaga watoto wako."

Abdalla, wewe huwa unacheka mama akiniita baba, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mimi ni wa pili. Babu huyo alikuwa Karanja, nami nikawa Karanja, na tangu siku hiyo mama hanichukulii kama mtu aliyepewa jina tu. Mimi ni baba yake. Vivyo hivyo kwa ndugu zake wawili, dada yake tata Wambui wa Kutus na mjomba Njuguna wa Kangari. Utotoni niliufurahia sana ubaba huo, maana mzee hupewa kipande kizuri cha nyama. Sikujua kwamba una kazi zake.

Nikapiga hesabu. Jumatatu nilale Kutus, Jumatano niwe Kangari, Alhamisi niteremke Nairobi. Nafasi ilikuwepo ya kutosha, na hata ya kupoteza.

Treni niliyopanda Kiganjo iliipoteza yote siku ya kwanza. Ilikuwa ile ya mizigo na abiria pamoja, nayo inaheshimu mizigo zaidi. Karatina tulisimama hadi Jumanne asubuhi wakipakia viazi, gunia baada ya gunia, huku mlinzi wa treni akila mahindi ya kuchoma na kuzungumza na mwenye viazi kama watu wanaopanga harusi. Mzee aliyeketi mbele yangu aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Prague.

"Hiyo ni ya kanisa gani?" akauliza.

Nikamwambia si ya kanisa lolote, ni mji, uko Ulaya. Akanitazama kwa huruma mpaka tukafika Sagana.

Sagana

Mnajua joto la Sagana. Sasa fikirieni kijana ameshuka kwenye treni adhuhuri, sanduku mkono huu na mkono ule koti la sufu linalofika magotini, kwa sababu halikuingia sandukuni. Kabla sijavuka reli mtu wa kwanza akanishika bega.

"Hii koti ni pesa ngapi?"

Nikamwambia siuzi. Akadhani napandisha bei, akamwita mwenzake. Muda si muda walikuwa watano, mmoja amekwisha kulivaa na wengine wanamsifu. Nilipolivuta wakakasirika, ati nawapotezea wakati. Nikakimbilia hoteli moja ya mabati karibu na stendi, nikaketi nalo magotini.

Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja Mwislamu aitwaye Bi Zuhura, mzaliwa wa Nyeri mjini aliyeolewa huku. Aliniangalia jasho likinitiririka.

"Una homa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Naenda Ulaya."

"Kwa kupitia Sagana?" Akacheka, akaniletea sahani ya wali na samaki mzima, na macho yake yote mawili. Mimi sijawahi kula samaki, na yeye aliliona hilo usoni mwangu. "Nyinyi watu wa mlimani mnaogopa samaki kama nyoka. Huko Ulaya utapikiwa maharagwe yenu meusi, njahi, na nani? Kula. Msafiri kafiri."

Nikala. Mwiba ukanikwama, akanisukumizia tonge la ugali kwa kidole chake mwenyewe. Basi la Kutus lilikuwa limetoboka gurudumu na dereva ameenda kulitafutia kiraka, kwa hiyo nilikaa hapo mpaka jua likapoa, nikimweleza habari za ng'ombe na Prague. Alisikiliza vizuri. Nilipoondoka alisema nikirudi daktari nianze na mbuzi wake. Nilikuwa na furaha siku hiyo, na naiandika hapa kwa sababu ndiyo ya mwisho katika masimulizi haya.

Kutus

Tata Wambui alinipokea kwa mikono miwili, akaniketisha kwenye kiti cha mumewe, akapika mchele wa Mwea na njahi, akaninyima nafasi ya kuongea mpaka nilipomaliza. Hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, akiendelea kuosha masufuria.

"Njuguna ameacha kula," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu asikie unaenda."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza jambo ambalo nyumbani tulizoea kulizunguka. Wakati wa Hali ya Hatari, mjomba Njuguna alichukua bunduki ya serikali ya mkoloni. Babu Karanja alikuwa upande ule mwingine. Vita vikaisha, watu wengi wakapatana au wakajifanya wamepatana, lakini babu hakumpa Njuguna mkono tena. Alipokuwa anakufa, watoto walimnywesha uji kwa zamu. Zamu ya Njuguna ilipofika, akamletea kibuyu mdomoni, na mzee akafunga mdomo. Akafa hivyo, bila kunywa. Kwetu mzazi akikufungia mdomo siku hiyo, hakuna mwingine anayeweza kukufungulia.

"Isipokuwa wewe," tata akasema. "Sasa anasema ati baba anamtoroka mara ya pili."

"Tata, mimi si marehemu. Niko na miaka ishirini na moja."

"Najua, baba," akasema, akanikaushia mikono kwa kanga yake.

Usiku ule nilimkasirikia kila mtu: mama, ambaye bila shaka alijua yote hayo aliponituma, na babu, na jina. Asubuhi nilitaka kwenda Nairobi moja kwa moja. Tata hakunikataza. Alisema tu kwamba mama atauliza.

Kwenda Kangari

Mvua ilianza tulipopita Murang'a. Kwenye mlima wa mwisho basi lilizama kwenye udongo mwekundu, abiria tukashuka kusukuma, na liliponasuka likapanda peke yake bila kutungoja. Nililipata juu nikiwa nimepakaa matope mpaka kiunoni. Koti tu ndilo lililokuwa safi, kwa sababu nililibeba kichwani.

Wanjiru, mke wa mjomba, alikuwa amesimama mlangoni. Ndani, kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu na moto. Mjomba Njuguna alikuwa mtu mkubwa, mliowahi kumwona mnamkumbuka alivyobeba mtungi wa maziwa kwa kidole. Sasa blanketi lilikuwa limelala juu yake kama juu ya kitanda kitupu. Niliogopa sana nilipomwona.

"Umekuja, baba," akasema.

"Nimekuja."

Kulikuwa na majirani wawili wazee na mzee mmoja wa kanisa, wameketi wakingoja. Nikaelewa kuwa nilikuwa nikitazamiwa. Wanjiru akampa mumewe kibuyu cha uji. Yeye hakunywa. Akakiinua kwa mikono yote miwili, akakielekeza kwangu.

Sikufundishwa la kufanya. Chuoni tulifundishwa mambo mengi, na hili halikuwemo. Nilijua tu kwamba nikisita watu wote mle ndani wataona mdomo uliofungwa. Nikapiga magoti, nikanywa. Ulikuwa umechacha na moto wake umepoa. Nikanywa mpaka nusu, nikamrudishia, naye akanywa nusu iliyobaki huku machozi yakiingia ndevuni. Wale wazee wakasema "Thaai" kwa sauti ndogo, yaani amani. Na mimi, jamani, nililia pamoja naye. Sikuwa nimemkosea wala kukosewa, na bado nililia.

Ingeishia hapo ningekuwa Prague leo. Lakini mjomba aliushika mkono wangu. "Hutaniacha tena?" Na mimi, kwa vile mtu huongea na mgonjwa, kama unavyomwambia kesho atakuwa mzima, nikasema, "Sitakuacha mpaka uinuke."

Nilimaanisha ale, alale vizuri, nami nishike basi asubuhi. Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ahadi ni deni," akasema, na akalala usingizi mwema kwake bila shaka.

Alhamisi

Asubuhi mjomba aliumaliza uji wote. Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikavaa viatu, nikasimamisha sanduku mlangoni. Basi la Thika lilikuwa lipite saa tatu, na kutoka Thika Nairobi ni pua na mdomo. Nikaingia kuaga.

"Naenda, mjomba."

"Ulisema mpaka niinuke."

"Nilisema."

"Basi ngoja."

Akatoa miguu kitandani. Wanjiru alitaka kumshika, akamkataza. Akachukua fimbo, akatoka nje hatua kwa hatua mpaka uani, kwenye manyunyu, nami nyuma yake sijui nifanye nini na mikono yangu. Akasimama katikati ya uwanja akanigeukia. Kisha akaitupa fimbo.

"Unaona, baba? Nimeinuka. Haya, enda."

Hakuwa ananizuia. Hilo ndilo nataka mlielewe, maana nimesikia mtaani wanasema jamaa zangu walinifunga kwa maneno. Alikuwa ananifungulia. Alisimama pale bila fimbo, akijaribu kutabasamu, ili nipate kwenda. Halafu akaanguka kwa uso kwenye matope.

Tulipokuwa tukimwinua nilisikia honi ya basi huko chini, mara mbili. Mjomba alikuwa mwepesi kama mtoto. Alikuwa akitetemeka vibaya sana, blanketi limeloa, na kitu kikavu kilichokuwa karibu ni koti lenu. Nikamfunika nalo.

Mtasema kulikuwa na basi la mchana, na jingine Ijumaa asubuhi. Yalikuwepo, na yote niliyasikia. Lakini homa ilimshika siku ile ile, na kila nilipogusa sanduku alifungua macho, akajaribu kukaa. Kama ningeondoka angeamka tena, na angeanguka tena. Sijui kama naamini mambo ya majina na midomo iliyofungwa. Labda nikiwa Prague nisingeyaamini. Kangari, mvua ikinyesha na mkono wake mkononi mwangu, niliyaamini.

Ijumaa jioni nilitoka nikaenda kusimama kwenye shamba la chai. Nilijua saa yao imefika. Niliwawazia wenzangu wakipanda ngazi za ndege, na huyo mmoja aliyekuwa akingoja nyuma yangu, furaha yake, mama yake akipiga vigelegele. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu, hata kama ndege ingepita juu yangu nisingeiona. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaokota kuni kwa sababu Wanjiru alikuwa peke yake.

Kuinuka

Jumanne iliyofuata mjomba aliamka kabla yetu sote. Tulimkuta nje, amevaa koti, anamkemea mbuzi. Watu wakaja kumtazama kama mtu aliyetoka kaburini, na kila aliyekuja alinishika mkono. Nikawa mganga. Mzee mmoja alinisogezea goti lake bovu nilishike.

"Sasa baba anaenda," mjomba akatangaza. "Nimeinuka kweli, hata jogoo ni shahidi."

Nikamtazama Wanjiru, Wanjiru akatazama chini. Yeye alijua Ijumaa imepita. Mjomba pia alijua siku zimepita, ila kwake ndege ni kama basi la Kangari, haliondoki mpaka lijae.

"Itakungoja tu," akaniambia. "Hawawezi kuacha mtu ako na koti kama hii."

Ningemwambia nini? Ningemwambia angelala tena. Nikasema ndiyo, inangoja.

Basi wakachinja mbuzi wa kunisindikiza kwenda mahali nisipokwenda. Wazee wakasimama wameelekea Kirinyaga, mlima wenyewe haukuonekana, wakaninyunyizia pombe ya asali kifuani na kuomba nivuke maji yote salama, wageni wanipende, nirudi na elimu. Kila ombi tuliitikia "Thaai". Niliitikia pia. Sijawahi kuona aibu na uchungu kama vile nilivyoona nikiitikia, wallahi, kama anavyosema Abdalla. Mjomba alivua koti, akalipangusa, akanipa. Nikamwambia alibakie, huko nitapewa jingine. Alilivaa tena haraka kidogo, nikajua alikuwa amelitamani.

Kangari hadi Nyeri

Nilidhani angeniaga nyumbani. Akanisindikiza mpaka stendi, amebeba sanduku langu yeye mwenyewe, akahakikisha nimepanda basi la Thika, akamwambia kondakta, "Huyu ni baba yangu, anaenda Ulaya, mshushe vizuri." Kwa hiyo ilinibidi niende. Nilimpungia mkono mpaka koti likapotea kwenye kona, nikaendelea mpaka njia panda, nikateremka, nikavuka barabara, nikangoja basi la kurudi Sagana. Kondakta alinishangaa. "Si mlisema Ulaya?"

Sagana nilifika saa ya chakula. Bi Zuhura aliniona tokea mbali, akaangalia mikono yangu.

"Ulaya imekuwa fupi," akasema. Kisha akaniona vizuri, akanivutia kiti.

Nilimweleza. Nikamfungulia mbavu za mbuzi walizonifungia kwenye majani ya mgomba, nikamkaribisha. Akaweka mkono kifuani. Haikuchinjwa na Mwislamu, hangeweza kula. Nikaona haya, nikaanza kufunga tena, naye akanizuia, akaniletea chumvi na chai akakaa nami huku nikila peke yangu. Hakusema baada ya dhiki faraja wala maneno ya namna hiyo. Nimeambiwa hayo na watu wengi tangu hapo, na sijafarijika bado.

Mama alikuwa akichambua maharagwe nilipoingia. Aliona sanduku, akaona sina koti. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Nami nilikunywa."

Akaendelea kuchambua, mikono ikikosea, mabaya akiyatia kwenye mazuri. "Asante, baba," akasema baadaye sana. Nilitaka kumwambia asiniite hivyo tena, nikashindwa.

Basi hiyo ndiyo habari ya koti. Juma lililopita tata Wambui alikuja kututazama, akasema mjomba ana nguvu, amepanda chai upya, na koti halivui hata jua likiwaka. Akiulizwa ni la nani husema aliachiwa na baba yake siku aliyokwenda ng'ambo. Jioni hukaa nje kwenye kigoda na kuwaambia watu sasa nasoma nini. Nimesikia kwamba tayari nimeanza kutibu farasi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mkipita Kangari, mwende kumsalimu, atafurahi, atawaonyesha koti. Lakini tafadhali, msimwambie mmeniona.